Mama mkwe hotelini: usiogope uma, ogopa maji

Ndugu yangu, umeuliza utafanyaje Jumamosi ukimpeleka mama mkwe kula chajio kwenye hoteli kubwa hapo Nairobi, usiaibike wala mfuko usitoboke.

Uma na visu visikunyime usingizi. Anza na vya nje, uingie ndani kadiri sahani zinavyokuja. Umekosea? Mhudumu atakuletea vingine, hakuna anayehesabu.

La kuangalia ni maji. Mimi mhudumu alikuja na chupa ya kioo, akafungua "krak" huku akitabasamu, nikadhani ni ukarimu. Bili ilipofika, chupa mbili zilikuwa zimekaribia bei ya kuku. Siku hizi nauliza kwanza: "Hayo yanalipiwa?" Naye hujibu bila kununa.

Piga simu mapema, weka nafasi, uombe wakutumie menyu kwa WhatsApp. Soma maandishi madogo ya chini: je, bei imejumuisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2? Ukiona malipo ya huduma yamo pia, bahashishi si lazima. Kagua kama nyama inakuja peke yake, maana mara nyingi viazi na mboga huagizwa kando.

Na mama akitaka samaki mzima, mwache ale kwa mkono. Omba tu maji ya kunawa, tena hayo hayalipiwi.