Kabla hujauliza bei ya simu, uliza bei ya kioo chake

"Nina laki nne, nichukue Tecno au Infinix?" Swali hili naletewa na ndugu, majirani, hata watu wa ofisini, maana ilishajulikana kwamba kwenda Kariakoo siombwi mara mbili. Jibu langu huwaudhi: chukua yoyote, hela inakwenda mfuko mmoja. Tecno, Infinix na itel zote ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen, China, iliyoanza mwaka 2006. Hata kituo chao cha matengenezo, Carlcare, ni kimoja. Watu wanabishana utadhani Simba na Yanga, kumbe timu zote ni za bosi mmoja.

Siwabezi. Waliwahi kutuelewa: laini mbili, betri la kukaa na chaji, kamera isiyomgeuza mtu mweusi kivuli. Ugomvi wangu uko kwenye boksi, na hapo Samsung nao siwatoi kwa mambo fulani.

Boksi litakuandikia kwa maandishi makubwa "16GB RAM", halafu chini, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, "8GB+8GB". Ile nane ya pili ni kipande cha storeji yako, pale picha na video zinapokaa, kilichoazimwa kifanye kazi ya RAM, kumbukumbu ya kuendeshea programu, na storeji haina mbio za RAM hata kidogo. Ingia kwenye mipangilio uizime, utaona nafasi inarudi. Huwezi kuwashtaki, jumlisha wameiandika. Ila nimeshamwona winga, yaani dalali, wa mtaa wa Aggrey pale Kariakoo akimwonyesha mteja boksi huku kidole gumba kimelala juu ya ile alama ya kujumlisha.

Kamera ni hivyohivyo. Hiyo ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha vidoti vinne kuwa kimoja, picha ikatoka na kama 12 hivi. Hakuna ubaya, inasaidia usiku, lakini usiongeze laki nzima kwa sababu ya namba. Na vile vijicho vya pembeni vya megapikseli 2, mimi naviita vifungo vya shati.

Sasa hili la kioo. Nikienda na mtu kununua simu, tunapita kwanza kwa fundi. Tunamtajia modeli, tunauliza: kioo chake kipo? Og, yaani orijino, bei gani, kopi bei gani? Kuna simu za bei ya kati zenye kioo cha OLED, kile ambacho kila kidoti kinajiwashia mwanga, ambacho cha og kinakaribia kula nusu ya hela uliyonunulia simu. Fundi atakupa cha kopi, cha LCD, kinachomulikwa na taa ya nyuma. Kiangalie vizuri kabla hajakibandika: kingo nyeusi ni nene, kimevimba kidogo kwenye fremu, nyeupe yake inaelekea bluu. Kama simu yako ilikuwa inasoma alama ya kidole kwenye kioo, hapo umeiaga, kwa sababu mwanga wa kukisoma kidole haupenyi tena. Na betri litaanza kuisha saa kumi jioni. Kwa hiyo modeli ambayo fundi anaijibu bila kufikiri, akavuta droo na kukuonyesha kioo, ni modeli ya kununua. Akikuambia "hiyo mpaka tuagize", tafuta nyingine.

Jambo lingine ambalo watu hawaliulizi kabisa ni masasisho ya usalama, yale marekebisho ya programu yanayoziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Simu ndiyo pochi siku hizi, mshahara na M-Pesa viko humo. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, tafuta tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Simu mpya rafuni yenye tarehe ya zaidi ya mwaka uliopita, na ikiunganishwa intaneti haina kipya cha kupakua, irudishe mahali pake. Samsung waliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24, Google nao wakaahidi hivyo kwa Pixel 8. Simu za laki tatu hazifiki huko, ila zinatofautiana sana, na muuzaji ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo utamjua usoni.

Wa iPhone za mtumba, nisikilizeni nanyi. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanazipunguza kasi simu zenye betri lililochoka, wakashusha bei ya kubadilisha betri Marekani kutoka dola 79 hadi 29. Maana yake iPhone "nzito" mara nyingi haijafa, inataka betri. Lakini simu ya miaka minne inayoonyesha afya ya betri asilimia 100 inanipa wasiwasi zaidi kuliko ya 82. Nenda kwenye sehemu ya kuhusu simu uone kama kuna kipuri kisichotambulika. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, uiwashe upya. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, hata ikiwa nusu bei usiichukue. Na iPhone 14 ya soko la Marekani haina tundu la laini, ni eSIM tu, laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Wapo waliogundua wakiwa nyumbani, na kipini mkononi.

IMEI, namba ya utambulisho wa simu, usiiruke. Bonyeza *#06#, linganisha na boksi na risiti. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walizima simu bandia Juni 2016 na waliolia ni wanunuzi, wauzaji walikuwa wameshakula hela yao. Risiti idai ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye IMEI hiyohiyo, na wala usione aibu winga akianza kukuambia foleni ni ndefu.

Protekta ya bure akikupa, chukua.