Jibu: Vijana wanaokata pumzi kilomita ya pili
Kocha, umeuliza kwa nini vijana wako wa miaka 15 wa mbio za nyika hapo Tanga wanakata pumzi kilomita ya pili. Wanatoka mbio mno. Washikie saa: mita 400 za kwanza wasizikimbie kwa kasi kuliko 400 za mwisho. Jumanne wakimbie dakika 3 mara 5, katikati watembee dakika 2, saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkikimbilia ufukweni, ngoja maji yapwe ili wapite kwenye mchanga wenye unyevu, ulio mgumu. Mchanga mkavu unavuta kano za kisigino. Tena ufuko umeinama upande wa bahari, kwa hiyo warudi njia ileile, mguu mmoja usielemewe. Wakimbie kupanda kilima mara moja kwa wiki. Anayelalamika maumivu ya ugoko, mfupa wa mbele chini ya goti, mpumzishe siku hiyohiyo, tafadhali. Mifupa yake bado inakua.