Maswali Yenu ya Magari: Benzi la Zamani Katika Matumizi ya Leo

SWALI: Marehemu baba alituachia Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1983, na sisi ndugu tumekubaliana nilitunze mimi kwa kuwa ndiye ninayeishi Moshi. Bodi ni nzima isipokuwa kutu kidogo, lakini injini hupanda joto kila tunapoelekea Kibosho, na ikizimwa ikiwa ya moto hugoma kuwaka mpaka ipoe. Fundi ananishauri niitoe niweke injini ya Toyota ya V8, nifunge rimu za inchi 18 badala ya zangu zenye matairi ya 205/70 R14, nikate paa niweke dirisha la juu, na dashibodi nayo ikatwe ili iingie skrini kubwa. Natamani gari la baba liwe la kisasa, ila naogopa kuliharibu. Nianzie wapi?
Msomaji wa Pasua, Moshi

JIBU: Poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Kwa maelezo uliyotoa, sioni sababu ya injini hiyo kutolewa, na ningekuomba usimruhusu mtu yeyote kuifungua kabla ya kuchunguzwa mambo mawili ambayo hayagharimu hata sehemu ndogo ya fedha utakazotumia kununua V8.

La kwanza ni huko kugoma kuwaka. Injini yako, ambayo kiwandani huitwa M110, hupata petroli kwa mfumo wa Bosch wa K-Jetronic, ambao hunyunyiza mafuta mfululizo kwa shinikizo bila kutegemea kompyuta. Gari likizimwa, shinikizo hilo linapaswa kubaki ndani ya mabomba kwa muda, na wenye kazi ya kulishikilia ni kopo dogo la chuma lililofungwa jirani na pampu ya mafuta, chini ya gari upande wa nyuma, pamoja na vali ya pampu yenyewe. Vifaa hivyo vikichoka, shinikizo hushuka, petroli iliyomo kwenye mabomba ya moto hugeuka mvuke, na dereva huzungusha stata mpaka betri inaishiwa. Fundi mwenye geji ya shinikizo la mafuta atalithibitisha hilo kwa muda mfupi. Magari mengi ya aina hii yameng'olewa injini kwa kosa la kopo hilo.

La pili ni joto. Muulize fundi wako kama themostati, ile vali inayoongoza maji ya injini kulingana na joto, bado imo, kwa sababu gereji zetu zina mazoea ya kuing'oa na kuitupa kwa imani kwamba maji yatapita kwa wingi zaidi. Katika injini hii matokeo yake ni kinyume. Themostati ya Mercedes ya enzi hizo ina visahani viwili: kimoja hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na cha pili hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kuifikia rejeta, na mlima wa Kibosho unakuonyesha upungufu huo kila unapoupanda. Rudisha themostati, osha rejeta ndani na nje, kagua feni, kisha ujaze kipozeo (kulanti) halisi kilichochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, kwa sababu silinda hedi ya M110 ni ya aluminiamu na maji matupu ya bomba huitafuna taratibu. Pia vali za injini hii hurekebishwa kwa mkono, na kama haijafanyiwa hivyo kwa miaka mingi, huenda nguvu unayodhani imekwisha bado ipo.

Endapo kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kitaonyesha kwamba injini kweli imekufa, bado nisingekimbilia Toyota. V8 hiyo ni injini nzuri, sina ubishi. Lakini kuifunga humo hudai vishikio vipya, sampu (bakuli la oili chini ya injini) iliyokatwa na kuchomelewa upya, propela ya kutengenezwa, ekzosi mpya na nyaya za kuunganishwa na dashibodi isiyoielewa, na kila kiungo cha namna hiyo kitamhitaji fundi yuleyule aliyekibuni siku kitakapoleta matatizo. Kiwanda chenyewe, kuanzia mwaka 1985, kilifunga kwenye umbo hilohilo injini ya lita 3 iitwayo M103 na kuliita gari hilo 300 SE. Hapo vipuri vinavyohitajika vinajulikana kwa namba, na fundi yeyote wa Benzi ataweza kuihudumia. Kumbuka pia kwamba namba ya injini na rangi ya gari vimeandikwa kwenye kadi, hivyo mabadiliko yoyote lazima yafikishwe TRA, na bima yako ijulishwe.

Kuhusu paa, naomba nisisitize. Arusha ina mafundi wa bodi hodari, waliozoea kukata Land Cruiser, kuirefusha na kuipandisha paa kwa ajili ya wageni wa Serengeti na Ngorongoro, na huenda ndiko fundi wako alikopata wazo hili. Kazi hiyo huwezekana kwa sababu Land Cruiser ina fremu nzito ya chuma inayobeba kila kitu, na bodi imekalishwa juu yake. Benzi lako halina fremu ya namna hiyo: sakafu, nguzo na paa ndivyo vinavyobeba gari na kuwakinga waliomo likipinduka. Magari ya aina hiyo yaliyotoka kiwandani na dirisha la paa yaliimarishwa kabla ya kupigwa rangi, na paa lake liliwekewa mirija ya kutolea maji. Tundu lililokatwa mtaani halina hayo. Fedha hizo zipeleke kwenye kutu, na uanzie pembe za chini za kioo cha nyuma, matao ya magurudumu na sehemu za kuwekea jeki. Usikubali kutu kufunikwa kwa puti. Bati lililooza likatwe na lichomelewe jipya.

Rimu kubwa ninazielewa, kwa maana gari hupendeza machoni. Tatizo ni kimo cha ukuta wa tairi. Ukuta wa 205/70 R14 una milimita 143 hivi, ilhali wa 235/40 R18, ambao hutunza kipenyo kilekile, una milimita 94 tu, na hiyo karibu milimita 50 inayopotea ndiyo iliyokuwa ikimeza mashimo na mawe kabla hayajafika kwenye bushi na shokapu. Ukitaka sura mpya bila kupoteza ule utulivu uliolipa gari hili jina, tafuta rimu za inchi 16 za Mercedes za miaka iliyofuata na matairi ya 225/55 R16. Ukuta wake una milimita 124, na kipenyo huongezeka kwa chini ya asilimia 2, kwa hiyo kipimo cha mwendo hakitadanganya sana. Boliti zake ni tano kwenye duara la milimita 112, sawa na zako, ila hakikisha urefu wa boliti unalingana na rimu mpya na tairi haligusi tao usukani ukikatwa mpaka mwisho. Na ukishawishiwa pia kulishusha gari, sitalirefusha: kwa barabara za kupanda mlimani, liache katika kimo chake.

Mahali ambapo ningetumia fedha bila kusita ni kwenye ubaridi. Kiyoyozi cha mwaka 1983 kilitumia gesi ya R12, ambayo iliwekewa masharti ya kuondolewa sokoni na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Unaweza kuhamia R134a, lakini usikubali ijazwe juujuu. Mafuta ya zamani ya kompresa hayachanganyiki na gesi hiyo, kwa hiyo yatolewe yote, mipira ya viungo ibadilishwe, kichujio cha unyevu kiwe kipya, na mfumo uvutwe hewa kwa mashine kabla ya kujazwa. Ukiongeza feni ya umeme mbele ya kondensa, joto la Februari pale Moshi mjini halitakusumbua.

Skrini ndiyo nyongeza ya mwisho. Ziko redio za umbo la zamani, zenye bluutuuthi ndani, zinazoingia kwenye nafasi ileile bila kukata mbao za dashibodi, na ramani utaisoma kwenye simu. Viti vikihitaji kushonwa, mweleze fundi mapema asitupe kilichomo. Ndani kuna springi na mto wa manyoya ya farasi yaliyoshikanishwa kwa mpira, ambao hupitisha hewa na kubeba uzito kwa namna ambayo sponji ya godoro haiwezi.

SWALI: Nina E 280 ya mwaka 1994. Nataka kuweka amplifaya, lakini injini imeanza kumisi ikipata moto. Fundi umeme anasema niendelee tu, mambo hayo hayahusiani.
Msomaji wa Njiro, Arusha

JIBU: Simamisha kazi ya muziki kwanza. Mercedes za miaka ya mwanzo ya 1990, ikiwemo yako, zilifungwa kwenye injini nyaya ambazo gamba lake huzeeka kwa joto, hukauka na kupukutika kama biskuti. Fungua kifuniko cha koili, ukunje polepole waya mmoja ulio karibu na injini: gamba likipasuka na shaba ikaonekana, umeupata ugonjwa wako. Usikubali kuzungushiwa utepe, kwa sababu kasoro huendelea ndani ya fungu lote usikokuona, na nyaya mbili zikigusana zinaweza kuua kompyuta ya injini. Fungu zima la nyaya libadilishwe, jipya au lililosukwa upya kwa waya unaostahimili joto. Hilo likishakamilika, amplifaya ipewe waya wake mnene kutoka kwenye betri, fyuzi yake ikae jirani kabisa na betri, na isiunganishwe na nyaya za zamani za redio.

SWALI: Taa za Mercedes 200 yangu ya mwaka 1984 ni hafifu, nami husafiri usiku kati ya Arusha na Babati. Niweke balbu za LED kwenye nafasi ya H4?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Sikushauri. Kioo na kiakisi cha taa zako vilichorwa kwa ajili ya balbu ya halojeni, na balbu ya LED isiyokusudiwa humo hutawanya mwanga na kuwapofusha wanaokuja mbele yako, hali wewe barabara huioni vizuri zaidi. Pima kwanza volti kwenye betri, kisha kwenye soketi ya taa, injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa. Tofauti ikizidi volti 1, umeme unapotelea njiani. Anza na fyuzi zile za umbo la risasi: zitoe moja moja, sugua vishikio vyake mpaka ving'ae, weka fyuzi mpya za kiwango kilekile, nyeupe ya ampea 8 au nyekundu ya 16, kama ilivyokuwa. Baada ya hapo mwambie fundi umeme afunge rilei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme mdogo) karibu na taa, moja ya mwanga mdogo na nyingine ya mwanga mkubwa, zikivuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Balbu zibaki zilezile za wati 60/55 za kampuni ya kuaminika, na swichi yako ya zamani itaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwani itakuwa inabeba ule umeme mdogo wa rilei peke yake.