Vitu vya makumbusho vilivyoko stoo vina kazi gani? Nimeshinda humo, naomba nijibu

Wakuu, salaam. Nimeusoma uzi wote tangu jana usiku, naona tunazunguka mbuyu. Mleta mada kauliza mambo mawili. La kwanza, kaenda makumbusho na watoto, kaona makabati machache ya vioo, mhudumu akamwambia vitu vingi zaidi viko stoo. Sasa kama ni mali ya wananchi, mbona wananchi hawavioni? La pili, kwa nini watafiti bado wanakamata ndege, panya na vyura na kuwakausha wakati kila mtu ana simu yenye kamera? Mchangiaji mmoja kajibu kwa maneno mawili, "ulaji tu", na nusu ya jukwaa ikampigia makofi.

Mimi nilifanya fildi ya chuo kwenye stoo ya makumbusho moja, wiki nane, kisha nikarudi kama kibarua kwa mwaka na ushee. Ni makumbusho gani, hilo naliweka kapuni, maana humu nitasimulia na madudu niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Stoo ile haikuwa chumba cha makorokoro. Ilikuwa na makabati ya chuma yamepangwa kama foleni, madirisha yamezibwa, na ukifungua kabati harufu ya naftalini inakuwahi kabla hujaona kitu. Unavuta droo, unakuta ndege wamelala chali, mbawa zimebanwa ubavuni, penye macho pamechomoza pamba nyeupe, na kila mmoja ana kikaratasi kimefungwa mguuni kwa uzi. Ndege wa kusimamishwa juu ya tawi na macho ya kioo ni wa maonyesho. Huyu wa droo ni wa kusomwa. Siku ya kwanza nilinyoosha kidole nimguse chozi mmoja, rangi yake ilikuwa bado inang'aa kama mafuta ya taa juu ya maji. Mzee wa stoo akanishika mkono: "Kijana, glavu. Hawa wa zamani wamepakwa aseniki ndani ya ngozi ili wadudu wasiwale. Ukijilamba kidole utajua mwenyewe."

Kwa hiyo swali la kwanza nusu yake imeshajibika. Kuna sumu, na kuna mwanga, ambao unafifisha manyoya, vitambaa, ngozi na karatasi, na ukishafifisha hakuna wa kurudisha. Kitu kikikaa kwenye kioo miaka ishirini kinapendeza watu huku kinakufa. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba vingi vya stoo havina la kumwonyesha mgeni. Utafanya nini mbele ya panya mia mbili wa aina moja? Thamani yao haiko kwenye panya. Iko kwenye kile kikaratasi cha mguuni.

Hili nililijifunza kwa aibu. Wiki ya tatu nilipewa chupa kumi na moja za vyura waliohifadhiwa kwenye spiriti, lebo zao zimechakaa, nikaambiwa nizinakili upya. Nikachukua peni yangu ya bluu, ile ya kuandikia notisi darasani, nikaandika kwa mwandiko wa kujivunia, nikazitumbukiza ndani. Za zamani nikatupa. Siku kama nne baadaye mzee alipita na tochi, akasimama. Spiriti imegeuka samawati hafifu, na lebo zangu nyeupe pee. Hakufoka. Aliuliza tu, "Za zamani ziko wapi?" Ndoo ya taka ilishamwagwa tangu juzi yake. Tulikaa na rejista siku mbili. Wanne tuliwaokoa kwa kuwa walikuwa na namba ndogo imefungwa mguuni. Saba waliobaki waliandikwa "mahali hapajulikani". Lebo ya ndani ya spiriti huandikwa kwa penseli, wakuu, au kwa wino maalumu usioyeyuka. Hilo silisahau tena.

Sasa mtu atasema, chura si chura? Hapana. Chura mwenye jina la mto, tarehe na jina la aliyemkamata ni ushahidi kwamba mwaka ule, pale, alikuwepo. Wale saba wangu ni nyama kwenye chupa.

Kwa nini basi kukusanya wengi wa aina ileile? Chukua mfano wa Uingereza. Zamani kule kulikuwa na watu wanakusanya mayai ya ndege kama wengine wanavyokusanya stempu, na mwenye adabu aliandika tarehe na mahali. Baadaye kozi, wale ndege wawindaji, wakaanza kupungua, mayai yanavunjika kiotani. Mtafiti wa ndege, Derek Ratcliffe, akapima maganda ya zamani na mapya yaliyokuwa kwenye makusanyo, na mwaka 1967 akachapisha kwamba maganda yalianza kuwa membamba ghafla mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati DDT, dawa ya kuua wadudu, ilipoanza kutumika kwa wingi. Waliokusanya mayai yale hata DDT hawakuijua. Lebo zisingekuwa na miaka, asingekuwa na cha kulinganisha. Kama ni ulaji, basi ni ulaji uliowaokoa kozi.

Na la kwetu lipo. Miaka ya 1930 kuna mifupa ilichimbwa bonde la Ruhuhu, kule kusini-magharibi karibu na Ziwa Nyasa, ikapelekwa London na mingine Cape Town. Ikakaa. Ni mwaka 2013 ndipo wanasayansi walipoichapisha rasmi kwa jina Nyasasaurus, mnyama wa takribani miaka milioni 243 iliyopita, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au kama siye basi ni ndugu yao wa karibu kabisa. Ilikaa kabatini karibu miaka themanini, na bado watu walijua ilitoka wapi. Uchungu wa kwamba ilikaa London na Cape Town badala ya Dar ninao kama ninyi, nitaufikia.

Kamera. Hapa mleta mada ana hoja, siwezi kumwita mjinga, maana hata wanasayansi waligombana juu ya jambo hilihili. Yule kima wa Rungwe na Udzungwa, kipunji, wenyeji wa Rungwe walimjua kwa jina hilo siku nyingi. Mwaka 2005 alitangazwa kwa sayansi kwa kutumia picha, kwa sababu walikuwa wachache mno na hakuna aliyetaka kumuua mmoja kwa ajili ya kabati. Wengine wakalalamika: picha utaipimaje meno? Utaitoaje damu? Muda si mrefu mmoja akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Huyo ndiye aliyewapa fuvu na vinasaba, na matokeo yakageuza hesabu. Walidhani ni wa kundi la mangabe, kima wa misituni, kumbe yuko karibu zaidi na nyani wale wa kawaida, hata akapewa jenasi, yaani kundi la spishi, yake peke yake mwaka 2006, Rungwecebus. Mwili huo uko Field Museum, Chicago. Nakubaliana na waliopiga picha kwanza. Mnyama akiwa adimu kiasi hicho, subiri. Ila tusijidanganye kwamba picha ingetosha.

Nikiwa hapo siwezi kuacha ya kwale. Mwaka 1991 watafiti wa Kidenimaki walikuwa kambini milima ya Udzungwa, wakala chakula cha jioni, kisha wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Mboga ilishaliwa! Wakaanza kumtafuta mzima, na mwaka 1994 akatangazwa kuwa spishi mpya kabisa, kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Waliomtia sufuriani walikuwa wanamjua, isipokuwa hakuna aliyewauliza.

Upande wa utamaduni ni hivyohivyo, tena kule makosa yanachekesha. Kwenye rejista yetu kulikuwa na kitu kimeandikwa "kigoda cha kukunja, Pwani". Basi. Hakuna mwaka, kijiji wala aliyekitoa. Siku moja tulikuwa tumekitoa mezani tukipiga vumbi, mama wa usafi akapita na deki lake, akatazama, akasema, "Wanangu, mbuzi hii mbona haina meno?" Tukamwangalia. Akakaa juu yake palepale, akapitisha mikono mbele kama ameshika kifuu. Ule ubao wa mbele wenye kitundu ambao sisi tuliuona umevunjika ndipo ulipokuwa ukikaa ule mdomo wa chuma. Mbuzi ya kukunia nazi, wakuu! Na mimi nimekulia kwenye wali wa nazi. Aliyeiandikisha zamani hakuwahi kuingia jikoni, na sisi tulioikuta tuliamini karatasi kuliko macho yetu. Mzee hakufuta neno la zamani. Aliandika sahihisho chini yake, pamoja na tarehe na jina la yule mama kama mtoa taarifa.

Kwamba mzee hakufuta neno la zamani, lilinishangaza kwanza, baadaye nikalielewa. Fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, alilolipata Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 linaitwa OH 5 kwenye vitabu, na ile O ni ya Olduvai, ambalo ni kosa la masikio ya Mzungu. Wamaasai husema Oldupai, jina la mkonge wa porini. Kule Kenya kuna fuvu KNM-ER 1470, aliloliona Bernard Ngeneo mwaka 1972. ER ni East Rudolf, yaani mashariki mwa Ziwa Rudolf. Ziwa limekuwa Turkana tangu 1975 lakini namba haikuguswa. Ukibadilisha namba, kila karatasi iliyowahi kuitaja inapotea njia.

Sasa mjusi wa Berlin, yule dinosaria wa Tendaguru aliyeko Ujerumani, maana kurasa tatu za uzi huu ni yeye tu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, Lindi, na kusafirisha kama tani 230 za mifupa, zikibebwa vichwani na wapagazi mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Mkubwa wao amesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na ilimchukua hadi 2007 jina lake kuwekwa kwenye dinosaria mmoja, Australodocus bohetii. Ninaungana na wanaodai arudi. Ila naona tunadai nusu. Pamoja na mifupa kuna madaftari, michoro ya mashimo, orodha za mizigo. Tukirudishiwa mjusi bila hayo, tutakuwa tumepokea wale vyura wangu saba, wa tani 230. Anayeandika barua za madai naomba aliongeze hilo kwenye aya ya kwanza.

La mwisho ni kwa yule aliyeuliza kama apeleke makumbusho ngoma ya marehemu babu yake. Peleka, lakini kabla hujaitoa nyumbani kaa na wazee waliobaki. Ilitengenezwa kijiji gani, kwa mti upi na ngozi ya mnyama gani, nani alikuwa akiipiga, kwenye shughuli ipi, na shughuli ipi ilikuwa mwiko kuigusa. Andika kwa penseli. Ukifika pale wakaipokea bila kukuuliza hata swali moja, aga vizuri, urudi nayo.