Maswali ya Wasomaji: Mpiganaji Anayetaka Kujifunza Uganga

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watano wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, na kila Jumapili baada ya misa hukutana uani kwa yaya wangu kucheza Dungeons & Dragons, toleo la 5, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, tukipokezana kitabu kimoja cha Kifaransa. Mhusika wangu ni mpiganaji wa kiwango cha 4, mwenye nguvu 16 na akili 13, anayebeba upanga na ngao. Nataka kumwongezea fani, yaani kazi ya mhusika, ya mganga. Mwenzangu alifanya hivyo, akagawa viwango vyake, 3 vya mpiganaji na 3 vya mganga, na sasa analalamika kuwa mhusika wake hafai kwa lolote. Alikosea wapi, nami nianze lini?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vema kuandika «mganga» pale ambapo kitabu chenu kinasema magicien, kwa kuwa neno «mchawi» likisikika uani siku ya Jumapili, majirani hawatangoja kuelezwa kanuni.

Mwenzako hakukosea kuchanganya fani. Alikosea kugawa sawasawa. Nyongeza ya sifa, yaani ruhusa ya kupandisha alama kama za nguvu au akili, hufuata kiwango cha kila fani peke yake, wala si jumla ya viwango vya mhusika, na nyongeza ya kwanza huja katika kiwango cha 4 cha fani. Kwa hiyo yeye, akiwa na jumla ya viwango 6, hajapata hata moja, ilhali mpiganaji mtupu wa kiwango cha 6 amekwisha kupata mbili, na tangu kiwango cha 5 hushambulia mara mbili katika zamu moja. Mganga mtupu wa kiwango cha 5, naye, anaweza kurusha mpira wa moto wenye dadu 8 za pande 6. Mwenzako amesimama kwenye milango miwili bila kuingia hata mmoja.

Wewe basi maliza kwanza kiwango cha 5 cha mpiganaji, upate shambulio la pili, ndipo uchukue kiwango kimoja cha mganga. Kanuni inataka angalau 13 katika sifa kuu ya fani zote mbili, nawe unazo, ingawa mwendesha mchezo wenu lazima akubali, kwa sababu katika kitabu cha 2014 kuchanganya fani ni kanuni ya hiari. Deraya nzito haitakuzuia, maadamu ulijifunza kuivaa ukiwa mpiganaji. Bonasi ya umahiri, yaani namba unayoongeza katika yale uliyobobea, nayo hufuata jumla ya viwango, kwa hiyo hapo hupotezi kitu.

Jihadhari, hata hivyo, na akili yako ya 13, inayoongeza 1 tu kwenye hesabu za uganga wako. Ukiwa na jumla ya viwango 6, kipimo ambacho adui anapaswa kukifikia ili akwepe tamko lako, yaani uganga unaourusha, kitakuwa 12: 8 ya msingi, 3 ya bonasi ya umahiri na 1 ya akili, na maadui wengi hukifikia bila taabu. Achana na matamko yanayompa adui nafasi ya kukwepa. Chukua lile la kumwita mnyama mwandani, na lile liitwalo Ngao, ambalo huongeza kinga yako, namba ambayo shambulio la adui lazima liifikie ili likupate, kwa 5 hadi mwanzo wa zamu yako inayofuata.

Hapa pana kichekesho: tamko la Ngao linahitaji mkono mtupu, nawe una upanga mkono mmoja na ngao ya kweli mkono wa pili. Kipo kipaji, yaani uwezo maalumu unaochukuliwa badala ya nyongeza ya sifa, kinachoruhusu ishara za uganga mikono ikiwa imejaa, lakini hapewi mtu asiyejua tamko lolote. Ndiyo maana napendekeza mganga wa 1 aje kabla ya mpiganaji wa 6: ukirudi kwenye upiganaji, nyongeza ya kiwango cha 6 utaibadilisha kuwa kipaji hicho, iwapo meza yenu inatumia vipaji.

SWALI: Katika mchezo huohuo, mhusika wangu ni barbari, mpiganaji anayepigana kwa hasira, wa kiwango cha 3, na druida, mganga anayeweza kugeuka mnyama, wa kiwango cha 2. Mwendesha mchezo ananikatalia kutumia matamko nikiwa katika hasira. Je, ana haki? Msomaji wa Katuba.

JIBU: Ana haki kabisa. Hasira inazuia matamko mapya, na hata lile ulilolianza mapema huvunjika kama linahitaji umakini, yaani kuliwazia mfululizo ili lidumu. Lakini kugeuka mnyama si tamko. Geuka mbwa mwitu kwanza, kisha panda hasira katika zamu ileile, na majeraha ya kukatwa, kuchomwa na kupondwa yatapungua kwa nusu ukiwa ndani ya umbo hilo.