Ukilinganisha Kigeorgia na Kioromo, anzia kwenye sentensi

Ukiziweka mezani pamoja Kigeorgia, lugha ya nchi ya Georgia, na Kioromo, lugha ya Ethiopia na Kenya, kitakachokuvuta kwanza ni sauti. Zote zina konsonanti za kufyatua: koo linafungwa, hewa inabanwa kinywani, kisha inaachiwa kwa mshindo mkavu. Kigeorgia kina d, kina t ya mpumuo, inayotoka na pumzi (თ), na t ya kufyatua (ტ). Kioromo nacho kina d na t, na ile ya kufyatua huandikwa x. Mwanafunzi anachora jedwali, anaona visanduku vinalingana, na kabla ukurasa haujaisha ameshazitangaza ndugu.

Tafadhali usifike huko. Kigeorgia ni cha ukoo wa Kikartveli, pamoja na Kimingrelia, Kilazi na Kisvani. Kioromo ni Kikushi, jamaa wa Kisomali na Kiafar. Undugu wa lugha hautafutwi kwenye sauti mojamoja, hutafutwa kwenye mfululizo wa maneno ya msingi. Hesabu 4, 5, 7, 8, 9 kwa Kioromo: afur, shan, torba, saddeet, sagal. Msomali atahesabu afar, shan, toddoba, siddeed, sagaal. Mgeorgia atasema otkhi, khuti, shvidi, rva, tskhra. Umeshaona nani ni ndugu wa nani.

Utakutana pia na hoja ya mtafiti wa lugha Caleb Everett ya mwaka 2013, kwamba sauti za kufyatua hupatikana zaidi kwenye nyanda za juu. Isome, ila usiijengee tasnifu. Batumi, mji wa Georgia, uko ufukweni mwa Bahari Nyeusi, na wakazi wake wanafyatua kama wenzao wa milimani.

Kinacholipa jasho lako ni swali hili: kila lugha inamtambulishaje mtenda na mtendwa? Chukua sentensi moja ndogo, mwanamume na barua, uizungushe kwenye nyakati. Kwa Kigeorgia (alama ya ritifaa hapa ni ya kufyatua):

K'atsi ts'erils ts'ers: mwanamume anaandika barua.
K'atsma ts'erili dats'era: mwanamume aliandika barua.
K'atss ts'erili dauts'eria: mwanamume ameandika barua, inavyoonekana.

Angalia miisho. Mwandishi ni yuleyule na barua ni ileile, lakini wakati uliopo unampa mtenda -i na barua -s. Wakati uliopita unampa mtenda -ma, na ile -i inahamia kwa barua. Katika sentensi ya tatu, ambayo msemaji hakushuhudia tendo bali anakisia kwa dalili, mtenda anapokea -s iliyokuwa ya barua. Kwa hiyo ukiandika kwenye daftari lako kwamba "-s ni alama ya mtendwa", umeandika theluthi moja tu ya ukweli. Kila mwisho wa nomino uandike pamoja na wakati wa kitenzi chake, daima.

Sasa Kioromo: Namichi xalayaa barreesse, mwanamume aliandika barua. Badili wakati utakavyo, mtenda anabaki namichi. Akiwa mtendwa anakuwa namicha: Intalli namicha argite, msichana alimwona mwanamume. Namicha ndilo umbo la msingi, lile utakalopewa ukiuliza neno peke yake. Maana yake Kioromo kinamwekea alama mtenda na kumwacha mtendwa mtupu. Katika lugha nyingi zenye miisho ya aina hii mambo huwa kinyume, na mimi naliona hili kuwa jambo zuri kuliko yote katika ulinganisho huu. Linastahili sura nzima ya kazi yako, wakati jedwali la sauti linatosha ukurasa mmoja. Tazama pia argite: ile t inaonyesha kwamba aliyeona ni wa kike. Kigeorgia hakitofautishi jinsia popote, hata kwenye viwakilishi.

Wewe msemaji wa Kiswahili una mtaji hapa. Umezoea kitenzi kinachobeba watu wawili, kama nakupenda, hivyo miq'varkhar ya Kigeorgia haitakutisha. Kuwa makini tu na mpangilio: m- ya mwanzoni inamwakilisha anayependa, na -khar ya mwishoni inamwakilisha anayependwa. Kioromo kinasema sin jaalladha, ambapo si ni "wewe" iliyosimama nje ya kitenzi, na n iliyobandikwa hapo ni ya "mimi". Mtaji mwingine uko kinywani. B na d zetu huvuta hewa kidogo ndani, na hilo litakusaidia kupata dh ya Kioromo. Aliyekulia Mombasa anatofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo, basi თ haitamsumbua. Kufyatua ndiko sote tunajifunza upya.

Kuhusu maandishi, jifunze herufi 33 za Kigeorgia kabla ya chochote, maana anayenukuu kwa herufi za Kilatini mara nyingi huangusha ritifaa, na hapo თ na ტ zimekuwa kitu kimoja. Kioromo huandikwa kwa Qubee, alfabeti ya Kilatini iliyopitishwa rasmi mwaka 1991. Ndani yake ch ni kama yetu, lakini c ni ya kufyatua, na q vilevile. Maandishi ya zamani, kama Biblia ya Onesimos Nesib ya mwaka 1899, yako kwa herufi za Kihabeshi, ambazo hazionyeshi konsonanti iliyokazwa, yaani ile inayoandikwa mara mbili kwa Qubee. Badaa ni "baya" na baddaa ni nyanda za juu zenye baridi. Kwenye matini hizo muktadha ndio utakaokuamulia.

Usisahau kuandika lahaja. Kioromo cha Wallagga, magharibi mwa Ethiopia, si cha Harar, mashariki mwake. Aliye Kenya hana haja ya kusafiri mbali: Waborana, walioko Marsabit na Isiolo, na Waorma, walioko Tana River, wanasema lahaja za Kioromo, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Nenda na sentensi zako za barua, waombe waziseme kwa nyakati zote, na urekodi kwa idhini yao. Kwa Kigeorgia fanya hivyohivyo na msemaji mmoja kwa simu, sentensi zilezile, kwa mpangilio uleule.