Shangazi, kwani nimezeeka kiasi cha kuingia kikundi cha wazee?

"Shangazi, nina miaka 64, nilistaafu ualimu na sasa niko nyumbani Lanet, Nakuru. Watoto wako Nairobi. Mama watoto ana chama chake na kwaya, mimi nashinda na TV. Jirani ananisukuma nijiunge na kikundi cha wazee, 300 kila mwezi. Mimi sijazeeka hivyo, halafu hizi pesa za vikundi si huliwa? Mwalimu, Lanet."

Mwalimu, hilo la kuzeeka tulimalize kwanza. Katiba ya 2010 inakuhesabu mzee ukishapita miaka 60, kwa hivyo ulishaingia kitambo hata kama bado unapanda ngazi bila kushika ukuta. Na sijasikia kikundi kinachogawa mikongojo mlangoni.

Kinachonisumbua ni hiyo TV. Mama akikosa kwaya jumapili moja tu simu zinaanza kuingia, sasa wewe ukilala na homa siku tatu nani nje ya hiyo nyumba atajua? Wanaume wengi wanaoniandikia wako hivi, marafiki wote walikuwa wa kazini, wakistaafu wanabaki na rimoti wakigombana na msomaji habari. Sisi wanawake tunakaa kwa vikundi tangu usichana, nyinyi mnaanza mkiwa na mvi ndo maana mnaona haya.

Alafu kuna mambo TV haitakusaidia. Chukua hii SHA, bima ya afya ya serikali, tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mtu asiye na mshahara wa kukatwa anaulizwa maswali ya nyumba yake na mapato yake kisha anaambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, na wazee kibao wanafika hapo kwa *147# wanakwama wanarudisha simu mfukoni. Kwa kikundi hakukosi mmoja aliyepitia hayo, anakaa nawe pole pole mpaka inaingia (PIN yako ya M-Pesa bonyeza mwenyewe tafadhali). Zile 2,000 za Inua Jamii ambazo serikali huwapa wazee kila mwezi, wewe mwenye penshoni hazikuhusu, lakini hapo utakuta mama wa miaka 70 na kitu asiye na penshoni yoyote na hajui aanzie wapi. Nakuhakikishia wakijua wewe ni mwalimu utajaza fomu za watu hadi uitishe kalamu mpya.

Kuhusu pesa kuliwa, uko sawa kabisa na usikubali kuambiwa una roho ngumu. Mwambie jirani akupitie siku ya mkutano, ukae usikilize, usitoe hata shilingi siku hiyo. Uliza cheti, manake sheria ya 2022 inataka vikundi vya jamii viandikishwe kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Uliza katiba ya kikundi iko wapi na uisome kama unasahihisha mtihani: 300 ni ya nini hasa, ukilazwa unasaidiwa na ngapi, ukitaka kutoka unarudishiwa nini. Uliza pia akaunti ni ya benki gani, nani wanatia sahihi, na mara ya mwisho stetimenti ilisomwa mbele ya watu ni lini. Mweka hazina mzuri hatakasirika, atafungua kitabu akuonyeshe. Lakini ukiambiwa "wewe tuma tu kwa namba ya mwenyekiti", maliza chai yao, washukuru, mtafute kikundi kingine wewe na huyo jirani.